Mchubuko kwenye Kamera Uliyoambiwa Ni Mpya

Wiki iliyopita kijana mmoja mpiga picha wa Likasi, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa, aliniandikia hivi: "Yaya, jambo. Nimepokea kamera kutoka Ulaya. Niliuza pikipiki yangu ili niinunue, na duka liliandika kwamba ni mpya kabisa, lakini karibu na pete ya mkanda rangi imechubuka. Mjomba ananiambia ninyamaze, eti nitaonekana mtu asiye na shukrani. Nifanye nini?"

Usinyamaze, mdogo wangu. Ningeweza kukujibu kwa sentensi hiyo moja tu, lakini jambo hilo lilinipata mimi mwenyewe mwaka jana na bado linanichoma, na najua kwamba wengi wetu tunaoshika kamera hapa Katanga tunaota siku ya kufungua boksi la namna hiyo. Kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Jinsi nilivyokusanya fedha haina haja ya kusimuliwa. Kila mpiga picha wa Lubumbashi anazijua Jumamosi za ndoa tatu kwa siku moja, na sherehe za wahitimu wa Chuo Kikuu ambamo familia nzima inataka kusimama mbele ya lenzi kabla mwanga haujaondoka. Inatosha kusema kwamba niliitaka Leica M11 nyeusi, kamera iliyotoka Januari 2022 kwa bei ya dola 8,995 nchini Marekani bila lenzi. Kwa fedha hizo mtu wa hapa hununua kiwanja pembezoni mwa jiji na kuanza kuchoma matofali. Mke wangu alinikumbusha jambo hilo mara nyingi, tena kwa haki.

Niliagiza katika duka moja la Ulaya ambalo sitalitaja, kwa jina la kaka yangu mkubwa anayeishi Liège, Ubelgiji, naye akaileta mwenyewe kwa ndege hadi Luano, uwanja wetu wa ndege. Wengi hapa hufanya hivyo, kwa sababu kifurushi kinachosafiri peke yake hupita mikononi mwa watu wengi mno. Kaka aliiweka boksi kabatini kwake wiki kadhaa akisubiri tarehe ya safari, bila kuigusa, maana alitaka furaha ya kuifungua iwe yangu. Yakumbukeni majuma hayo ya kabatini, kwa kuwa baadaye yalikuja kuwa na uzito.

Nilipoitoa kwenye mfuko wake nilianza kuizungusha dirishani, kama mnunuzi wa kitenge anavyogeuza upande wa ndani ili aone kama rangi imepenya. Upande wa kushoto, chini kidogo ya pete ya kufungia mkanda, palikuwa na alama yenye umbo la mwezi mwandamo, urefu wake milimita chache, ambapo weusi ulikuwa umekwisha na metali nyeupe ikionekana. Juu, mahali pa kuingizia flashi, reli zote mbili zilikuwa na mistari inayong'aa. Chini, kuzunguka tundu la skrubu ya tripodi, palikuwa na duara hafifu la mikwaruzo. Alama ya kwanza ina maana kwamba mtu aliivaa kamera hiyo kwa mkanda wenye pete ya chuma. Ya pili, kwamba flashi iliwahi kuingizwa na kutolewa. Ya tatu, kwamba iliwahi kufungwa juu ya tripodi. Mwenye pete, flashi na tripodi hizo hakuwa mimi.

Kwa kuwa sikutaka kuhukumu kwa hasira, niliipeleka kwa fundi wa saa katika komuni ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, mzee ambaye macho yake nayaamini kuliko yangu. Alibana kioo cha kukuzia jichoni, akaisogeza kamera karibu na pua, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Mwanangu, kitu kilichogongwa mara moja huacha kovu lenye kingo kali. Hiki kingo zake zimelainika. Hapa chuma kimesugua chuma siku nyingi." Alikataa kupokea hata franka moja, akaniambia tu kwamba saa nyingi zinazoitwa mpya hufika mezani kwake zikiwa na alama hizo hizo.

Jioni hiyo nilipiga picha ya kwanza, na faili lake likapewa namba iliyokwisha kupita mia mbili. M11 ina hifadhi ya ndani ya gigabaiti 64, nayo ilikuwa imefutwa safi, lakini aliyeifuta hakurudisha hesabu mwanzo. Hapa lazima niwe mwadilifu: kamera hujaribiwa kabla ya kuuzwa, na alama ndogo kwenye duara la chuma linaloshika lenzi zinaweza kutokana na majaribio hayo. Namba ya faili peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu inaweza kurudishwa sifuri, na inaweza pia kusogezwa na majaribio halali. Ushahidi wenye nguvu ni alama kadhaa zinazosimulia matumizi ya aina moja, na zangu zilisimulia.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniumiza kuliko mchubuko wenyewe, nalo ni maneno ya wenzangu. Niliwaonyesha wapiga picha niliozoea kukaa nao, nikitarajia kwamba watakunja uso pamoja nami. Mmoja akauliza, "Apareyi inapiga picha?" Nikasema inapiga. "Basi unalilia nini?" Wakacheka. Mwingine, aliyesoma kidogo, akanieleza kwamba michubuko ndiyo uzuri wa Leica, kwamba wenye nazo huona fahari rangi nyeusi inapoisha kwenye pembe na shaba ikajitokeza, na kwamba nilipaswa kushukuru kuanziwa kazi hiyo bure.

Hoja hiyo naiheshimu, kwa hiyo nitaijibu kikamilifu. Ni kweli kwamba tangu Leica M3 ya mwaka 1954 kamera nyingi za ukoo huo zilitengenezwa kwa bamba la juu la mchanganyiko wa shaba na zinki, na kwamba zile zilizopakwa rangi nyeusi huonyesha manjano ya metali hiyo pale vidole vinaposugua miaka mingi. Sisi watu wa Lubumbashi, ambao shaba imetulea na ambao zinki ya Kipushi iko umbali wa safari fupi tu kwa gari, hatuna sababu ya kuidharau metali hiyo. Lakini M11 nyeusi ina bamba la juu la alumini, na ndiyo maana ina uzito wa gramu 530 pamoja na betri, ilhali ile ya rangi ya fedha, yenye bamba la shaba na zinki, hufika gramu 640. Chini ya rangi ya kamera yangu hakuna manjano yoyote yanayosubiri kutoka. Kuna weupe tu, na weupe huo haumpendezi mtu.

Hata kama ingekuwa shaba, hoja isingesimama. Mwaka 2015 kampuni hiyo hiyo ilitoa toleo la Leica M-P lililobuniwa na mwanamuziki Lenny Kravitz, seti 125 tu, likiwa limechakazwa kwa mkono makusudi ili lionekane limetumika miaka mingi. Aliyelinunua aliambiwa mapema anachonunua, akalipa kwa hiari yake. Mimi niliambiwa "mpya". Mchubuko ambao mkono wangu umeuweka barabarani, nikipiga picha za wachuuzi wa makaa au za mlima wa taka za madini ulio karibu na bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, sitaulalamikia kamwe. Mchubuko aliouweka mtu mwingine, kisha nikauziwa kwa bei ya kitu kisichoguswa, ni sehemu ya fedha zangu iliyobaki mfukoni mwa muuzaji.

Na nyuma ya kicheko cha wenzangu palikuwa na wazo jingine ambalo hawakulitamka: kwamba mtu wa hapa, akishapata kamera ya namna hiyo, asiwe na makuu. Wazo hilo silikubali. Hili ndilo jiji lililoanzisha mikutano ya Picha mwaka 2008, iliyokuwa chanzo cha Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili, na picha za Sammy Baloji, mwana wa jiji hili, zimeonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Mteja wa Paris akirudisha kamera kwa sababu ya mkwaruzo huitwa mteja makini. Wa Lubumbashi anaitwaje?

Tukirudi kwenye duka, inafaa mjue jinsi kitu kilichotumika kinavyoweza kurudi rafuni kikiitwa kipya. Katika Umoja wa Ulaya, mtu wa kawaida aliyenunua kwa mbali ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, naye ana ruhusa ya kukikagua alichonunua kama ambavyo angekikagua dukani. Sheria hiyo ni nzuri. Ila kamera iliyorudishwa lazima iende mahali fulani, na muuzaji mwaminifu huiuza kwa bei pungufu akieleza hali yake. Asiye mwaminifu huifuta vumbi. Vivyo hivyo kwa kamera ya maonyesho, ile inayokaa kaunta ikishikwa na kila anayeingia, wengine wakiwa na pete vidoleni.

Niliandikia duka barua ya adabu, nikaambatanisha picha za alama zote pamoja na rula ndogo. Wakajibu kwamba hizo ni "tofauti za kawaida za utengenezaji". Nikauliza ni hatua gani ya utengenezaji inayofunga mkanda kwenye kamera. Hawakujibu swali hilo. Badala yake walisema kwamba siku 14 zimekwisha. Hapo ndipo majuma ya kabatini Liège yalipojitokeza, kwa sababu siku hizo huhesabiwa tangu kifurushi kimfikie mnunuzi au mtu aliyemteua kukipokea, si tangu boksi lifunguliwe Lubumbashi.

Wengi wangeishia hapo. Lakini siku 14 ni za mtu aliyebadili mawazo, na mimi sikuwa nimebadili mawazo. Kitu kisicholingana na maelezo ya muuzaji kina ulinzi wake mwingine, ambao katika Umoja wa Ulaya unadumu angalau miaka miwili, na kwa mauzo ya tangu mwaka 2022 kasoro inayoonekana ndani ya mwaka wa kwanza huchukuliwa kwamba ilikuwapo siku ya kukabidhiwa, hadi muuzaji athibitishe vinginevyo. Kwa kuwa ankara ilikuwa na jina na anwani ya kaka yangu, mkazi wa Ubelgiji, yeye ndiye aliyeandika barua ya pili, kwa Kifaransa kilichonyooka kuliko changu. Ghafla sauti ya duka ikabadilika. Siku hiyo nilitembea avenyu nzima nikijisemea peke yangu, sikatai.

Kwa hiyo, mdogo wangu, na ninyi wengine: anayewapokelea kamera Ulaya afungue boksi siku ile ile, mbele ya simu, nanyi mkimtazama kwa video. Furaha ya kufungua mwachieni, si kitu. Atazame pete za mkanda, mahali pa flashi, tundu la tripodi na ukingo wa chini, kwa mwanga wa dirisha, kwa sababu taa ya dari huficha mengi. Apige picha kabla ya kufunga mkanda wowote, kwani mkifunga wa kwenu tu mmewapa duka jibu. Ankara iwe na jina la mtu anayeishi huko. Hifadhini pia ukurasa wa tangazo pale neno "mpya" lilipoandikwa, maana matangazo hufutika. Na fungueni boksi mapema. Nimelisema tayari, nalirudia.

Msitukane. Muuzaji anayetukanwa hupata sababu ya kunyamaza, na anayeulizwa swali fupi lenye picha hana pa kujificha. Tena msione haya. Tumelelewa kupokea kwa mikono miwili na kushukuru, nalo ni jambo jema kwa zawadi. Lakini kamera uliyoilipia si zawadi, na hakuna shangazi atakayehuzunika ukiikagua.

Duka lilipendekeza tuirudishe, watupe nyingine watakapopata. Tulikataa, kwa kuwa kaka alikuwa amekwisha kurejea Liège, na kuituma kutoka hapa kungetaka bima na karatasi za forodha mara mbili. Tuliomba punguzo, na kiasi hatukukibuni: tulichukua bei ambayo duka lenyewe lilitangaza kwa kamera ya maonyesho ya aina hiyo hiyo, tukaomba tofauti. Walilipa tofauti yote kwenye akaunti ya kaka, pamoja na barua ya mistari minne inayokiri kwamba kamera hiyo "ilikuwa imeshughulikiwa kabla ya kuuzwa". Barua hiyo nimeiweka ndani ya boksi pamoja na ankara, kwa sababu siku nitakapoiuza, mnunuzi ataigeuza dirishani na kuniuliza mwezi mwandamo ule umetoka wapi.