Maswali ya Wasomaji: Mnara wa DCS Umeingia, Sauti Haisikiki

SWALI: Mnara wa kawaida wa DCS World, mchezo wa kuigiza urushaji ndege, hauwapangi marubani foleni vizuri, kwa hiyo nimeongeza mwongoza ndege wa MOOSE (maktaba ya skripti za mchezo huo) kwenye misheni yangu ya uwanja wa ndege wa Batumi. Menyu yake naiona, lakini hasemi neno. Nimekosea wapi?

JIBU: Kama menyu unaiona, skripti imesomwa. Kilichokwama ni sauti. FLIGHTCONTROL, sehemu ya MOOSE inayoendesha mnara, haiongei kwa redio ya mchezo wenyewe, inapitia SRS, programu ya pembeni ya redio. Kwa hiyo seva ya SRS iwe inawaka, nawe uwe umeunganishwa nayo na redio yako iko kwenye masafa ya mnara.

Kama hayo yote yapo, fungua MissionScripting.lua kwenye folda ya Scripts ya DCS. Weka vistari viwili, --, mbele ya mistari mitatu ya sanitizeModule ili kuizima: ya os, ya io na ya lfs. Bila hivyo MOOSE haiwezi kuiita programu ya sauti. DCS ikisasishwa, faili hii hurudi ilivyokuwa, na ndiyo maana mnara uliokuwa ukiongea jana leo ni bubu. Ila mistari hiyo ni kufuli la usalama, na likishafunguliwa, misheni yoyote unayoicheza inaweza kugusa faili za kompyuta yako. Misheni za watu usiowajua ziache.

Kisha kagua skripti yenyewe:

local mnara = FLIGHTCONTROL:New("Batumi", 131, 0, "C:\\SRS")
mnara:SetLimitTaxi(3, false, 1)
mnara:SetLimitLanding(2, 0)
mnara:Start()

Namba 131 ni masafa kwa megahezi, na 0 ni AM, aina ya mawimbi ya redio. Anwani ya folda iliyo mwishoni ielekee folda yenye DCS-SR-ExternalAudio.exe. Mikwaju ya nyuma lazima iwe miwili. Ukiandika "C:\SRS", Lua, lugha ya skripti hizi, inaumeza mkwaju kimyakimya na kubaki na "C:SRS", bila kulalamika popote. Hapa ndipo wengi hukwama.

Tena, kihariri cha misheni hunakili skripti ndani ya faili la .miz. Ukirekebisha faili la nje, rudi kwenye kihariri, kwenye amri ya DO SCRIPT FILE, ulichague upya, la sivyo utakuwa unajaribu skripti ya zamani. MOOSE itangulie, yako ifuate sekunde moja baadaye. Ikigoma bado, soma dcs.log kwenye Saved Games.

SWALI: Mnara wangu unataja njia moja ya kurukia, ndege za kompyuta zinatua upande mwingine. Tena tukiwa wawili kwenye kundi moja, menyu zinavurugana.

JIBU: FLIGHTCONTROL huamua njia ya kurukia kwa kuangalia upepo tu. Misheni yenye upepo sifuri haina cha kuiongoza, basi weka upepo hata mwepesi sana. Hata hivyo, ndege ya kompyuta ikishaanza kutembea ardhini au kutua, iko mikononi mwa DCS, mnara hauna amri tena.

Kuhusu menyu, hutengenezwa kwa kundi, si kwa ndege moja moja. Mpe kila rubani kundi lake. Meli na viwanja vidogo vya helikopta usivihangaikie. FLIGHTCONTROL inahudumia viwanja vya ndege vya kawaida tu.