Nimeua giaboksi mbili ndo nikafunga kula

Juzi nimepata meseji kutoka kwa dogo mmoja wa Sengerema, kanunua pikapu otomatiki ya kubebea barafu na samaki, anauliza: "Kaka, ile kula ya giaboksi uliyofunga ni lazima au ni mbwembwe tu?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana miaka miwili nyuma hata mimi ningemjibu ni mbwembwe. (Kula ninayosema hapa ni "cooler", kipozeo cha mafuta ya giaboksi, siyo kula ugali, tuelewane mapema.)

Mimi nina dabo kebini ya Kijapani, dizeli, otomatiki, naipenda kuliko inavyostahili. Shemeji yangu tangu siku naileta nyumbani anaiita gari ya kina dada, eti mwanaume wa kazi anapangua gia kwa mkono wake. Ndo maana kila nikipata mzigo nilikuwa nataka kumuonyesha, na hapo ndo nilipojimaliza.

Ilikuwa Jumamosi, Igombe, ziwani huku Mwanza. Jamaa yangu ana boti ya faiba, imetoboka, inatakiwa itolewe majini ipelekwe kuzibwa. Nikarudisha trela nyuma mpaka matairi yakazama, vijana wakaivutia boti juu yake wakaifunga kamba, nikaweka D nikakanyaga. Gari haijaenda popote. Mchanga wa pale mlaini, matairi yanajichimbia, injini inaunguruma, gari iko palepale, na vijana wamesimama kwenye maji ya magoti wanapiga kelele "ongeza bosi, ongeza!" na mimi bosi naongeza. Dakika tano hivi nzima. Na hapo pembeni ya goti langu kuna lever ya 4L, ile gia nzito ya kutambaa matairi yote manne yakivuta, sijaigusa, kwa sababu niliona nikiweka 4L nitaonekana gari haina nguvu. Naandika hii huku naona aibu.

Tulitoka, kwa kusukumwa. Njiani harufu ikaanza kuingia ndani, kama mtu kaunguza karanga kwenye sufuria, nikasema labda ni breki. Kufika Pasiansi nakanyaga, rpm (mizunguko ya injini) inapanda, spidi haipandi. Nikapaki, nikavuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, nikaipangusa na tishu. Haidroliki, yaani hayo mafuta ya giaboksi, iliyotakiwa kuwa nyekundu ilikuwa kahawia imekolea, kama chai ya rangi iliyolala. Doa la ile tishu nalikumbuka mpaka leo.

Sasa kilichotokea ni hiki, na hakuna aliyewahi kuniambia. Otomatiki haina klachi ya mguu, ina konveta, nguvu ya injini inapita kwenye mafuta kabla ya kufika kwenye gia. Gari ikiwa imegoma na wewe umekanyaga, ile nguvu haina pa kwenda, inageuka joto ndani ya haidroliki. Yenyewe inajisikia vizuri kwenye nyuzi 80 mpaka 95 hivi, ikivuka 115 inaanza kuchoka haraka, sili zinakauka, klachi pleti za ndani zinaungua. Kiwandani wanaweka kakipozeo kadogo ndani ya rejeta (ile ya kupozea maji ya injini), kanamtosha mtu wa kwenda ofisini na kanisani. Kuvuta boti kwenye mchanga ni kesi nyingine. Hata 4L tu ingeniokoa, maana inapunguza mzigo kwenye konveta, gari inatambaa badala ya kupigana.

Nikanunua giaboksi used, milioni moja na laki nane. Jina la gereji silitaji. Nilimuuliza fundi kabisa, mabomba na rejeta si yana mafuta ya giaboksi iliyokufa, hatusafishi? Akaniambia "bosi, hizo stori za mtandaoni". Miezi mitatu! Unga wa chuma ulikuwa umelala kwenye kile kipozeo cha zamani, ukarudi wote kwenye giaboksi ngeni, nikalipa tena. Fundi akasema nimeuziwa mbovu. Mpaka leo nikipita ile barabara naangalia upande wa pili.

Ya tatu nikampelekea mzee mmoja Nyakato, haongei sana, anakuuliza swali halafu anaondoka kwenda kunywa maji. Yeye ndo aliyeniambia rejeta hiyo tupa, weka nyingine, puliza mabomba mpaka yatoke meupe, halafu ongeza kula ya nje. Nikaagiza mpya Kariakoo, ile ya sahani zilizopangana, ikaja na basi, laki mbili na nusu. Kula used msinunue jamani, hujui imebeba unga wa giaboksi ya nani.

Lakini kabla hajafunga nikatembea wiki nzima na kale kakifaa ka bluetooth kanakosoma joto la giaboksi kwenye simu, nilitaka namba. Zamani kwenda Sengerema ulikuwa unasubiri kivuko pale Kigongo, gari inapoa na wewe unakula muhindi wa kuchoma, sasa tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 unapita kilomita 3 za juu ya maji bila kusimama, raha sana, ila na giaboksi nayo haipumziki. Nimebeba barafu, kurudi mjini nikakuta nyuzi 117 kwenye foleni ya Mabatini. Baada ya kufunga kula, safari ileile, mzigo uleule, 93. Nilipiga skrinishoti nikamtumia shemeji. Hajajibu.

Kufunga kwenyewe siyo kazi ya ajabu, ila kuna sehemu mafundi wanaruka. Kula ya nje ikae baada ya rejeta, mafuta yapite rejeta kwanza ndo yaje nje, halafu yarudi kwenye giaboksi. Kujua bomba la kurudi ni lipi, mzee alichomoa mpira mmoja pale kwenye rejeta, akaweka chupa, akawasha sekunde chache tu: mafuta yakitoka kwenye mpira hilo linatoka giaboksi, yakitoka kwenye mdomo wa rejeta basi hapo ndo pa kurudia. Mpira uwe wa haidroliki ya giaboksi, siyo wa maji wala wa petroli, huo unalainika na siku moja unamwaga kila kitu barabarani. Na msifunge kwa zile tai za plastiki zinazopita katikati ya mapezi (vile vibati vyembamba) ya kondensa ya AC, ile inayokaa mbele ya rejeta, mtikisiko unasugua mpaka unatoboa, mzee alichomelea vibano viwili vya bati. Mwisho unaongeza haidroliki, kwangu iliingia kama lita moja zaidi, unapima injini inawaka na ina moto.

Vijana wenzangu, mimi nawaona. Mziki wa laki nane umo, rimu zimo, stika ya timu imo, ukimwambia mtu laki mbili na nusu ya kula anasema Mungu atasaidia. Mungu amekupa pua ya kunusa haidroliki ikiungua! Gari ni mtaji, msiwasikilize wanaokaa pembeni wanasema ongeza bosi, wale hawalipi giaboksi, mimi ndo nimelipa, mbili.

Ah, na kwa sisi wa ziwani kuna jambo moja. Wale wadudu wadogo wanaopaa juu ya maji kama moshi, ukipita katikati yao jioni wanajaa kwenye mapezi ya kula mpaka hayaonekani, joto linapanda tena unadhani umeibiwa. Mwagia maji taratibu kutokea nyuma kwenda mbele, siyo na presha ya kuoshea magari, inapinda mapezi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Sengerema, kabla hujatuma hela Kariakoo, zungusha gari mpaka ipate moto, vuta dipstiki, pangusa na tishu nyeupe, nitumie picha. Tutaanzia hapo.