Kinyama kiko wapi? Maswali yenu kuhusu saratani

Barua za wiki hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: "Bingwa ameamua hivi, je, ni sawa?" Wachache sana wameniandikia majibu ya kinyama, yaani kile kipande kinachokatwa kwenye uvimbe kikapimwe maabara, yalisema nini. Nimechagua tano.

*Mwanangu ana miaka 19. Ana vivimbe shingoni, anameza dawa za TB mwezi wa tano sasa, lakini vinazidi kukua. Tuendelee kuvumilia? – Mama, Arua*

Msivumilie, mama. Dozi ya kawaida ya TB ni miezi 6. Ni kweli matezi ya TB huweza kuvimba kidogo mwanzoni hata kama dawa inafanya kazi, lakini mwezi wa tano yangekuwa yananywea. Rudi hospitali wiki hii, uulize: kinyama kilichukuliwa kabla ya dawa kuanza?

Saratani ya matezi, yaani limfoma, huleta homa, jasho la usiku na kukonda, sawasawa na TB. Kwa kuwa TB ni nyingi kwetu, daktari huanza na hiyo, na kwa hilo simlaumu. Namlaumu akiona dawa haifanyi kazi kisha asirudi kujiuliza upya. Mabingwa ninaowaheshimu hujiuliza kila mgonjwa anaporudi: "Kama nimekosea, huu utakuwa ugonjwa gani?" Mwombe daktari wako ajiulize hivyo. Sindano nyembamba huvuta chembe chache tu, na kwa limfoma mara nyingi hazitoshi. Hutakiwa tezi zima.

Na wakilitoa, angalieni chupa. Nilimpokea binti ambaye kinyama chake kilitiwa kwenye maji, kikakaa siku tatu njiani. Kilipofunguliwa maabara kilikuwa kimelegea, kinanuka, hakisomeki. Akakatwa tena palepale penye kidonda kilichokuwa kikianza kufunga. Kinyama hutiwa kwenye formalini, dawa ya kuzuia kisioze, angalau mara 10 ya ukubwa wake, na jina huandikwa kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Uliza bila woga, ni nyama ya mwanao.

Hukuuliza hili, lakini wazazi wengine walisome. Mtoto akivimba taya na meno yakaanza kulegea, msimpeleke kung'olewa jino. Uvimbe huo huweza kuwa saratani ambayo Denis Burkitt aliiandika mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji hapahapa hospitali ya Mulago, Kampala, na huweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Mpelekeni hospitali kubwa siku hiyohiyo. Ukiwahiwa unatibika vizuri kwa kemo, yaani dawa kali za kuua saratani.

*Majani ya mstafeli yanatibu saratani?*

Hapana. Nimeulizwa hili mara nyingi mno na jibu langu ni lilelile. Kama tayari unayanywa, mwambie daktari kabla ya kemo, kwa sababu dawa nyingi za miti hulemea ini na figo, naye hupima dozi yake kwa kuangalia viungo hivyohivyo.

*Baba yetu ana saratani ya koo la chakula. Daktari anataka kumwekea mrija ili ameze, anasema kemo hapana. Hatujamwambia baba ugonjwa wake. Tunaombaje daktari asimwambie? – Watoto watatu, Busia*

Siwafundishi kuomba hilo.

Nimekaa wodini na wazee wengi waliofichwa. Mmoja alinishika mkono usiku, watoto wake wakiwa nje, akaniuliza: "Sista, hawa wanalilia nini kwenye korido?" Alikuwa anajua. Alikuwa mpweke tu, hana wa kuzungumza naye, na kiwanja chake kilikuwa bado na mgogoro ambao ni yeye peke yake angeumaliza.

Sasa kuhusu uamuzi wenyewe. Mrija wa koo hauponyi, unafungua njia ili baba anywe uji na kumeza mate yake. Kwa wengine mionzi husaidia kufungua njia, na wengine hulishwa kwa mrija wa tumboni. Kila njia ina maumivu yake, na mwenye koo ndiye wa kusema ipi ataivumilia. Daktari atamuulizaje mtu asiyejua anaumwa nini?

Kemo mmenyimwa kwa sababu gani? Jiulizeni: mchana baba hukaa kitandani zaidi ya nusu ya siku? Kama ndiyo, kemo kali inaweza kumwondoa mapema kuliko ugonjwa. Bingwa anayesema "hii sitampa" hajamtupa baba yenu. Pengine ndiye aliyemwangalia vizuri kuliko wote.

Mwombeni daktari amuulize hivi: "Mzee, ungependa kujua kila kitu, au nizungumze na mwanao?" Akimchagua mwanawe, sawa, ameamua mwenyewe.

*Daktari mmoja anasema nikatwe titi kwanza, mwingine anasema kemo kwanza. Nani mwongo?*

Hakuna mwongo, dada. Uvimbe mdogo unaosogea huweza kukatwa kwanza. Ulio mkubwa, au ulioshika ngozi au kifua, mara nyingi hupunguzwa kwa kemo ndipo ukatwe, la sivyo kisu huacha mabaki. Omba faili lako lipelekwe kwenye kikao cha pamoja, ambapo mpasuaji, wa kemo, wa mionzi na anayesoma kinyama hukaa meza moja. Na kabla ya kisu au kemo, kinyama kipimwe vipokezi vya homoni na HER2, protini ya seli za saratani. Vipokezi vya homoni ndivyo vitakavyosema kama vidonge vya tamoksifeni vitakufaa, na HER2 huelekeza dawa nyingine. Nimeona titi zima likitupwa bila kipimo. Mama yule alitibiwa kwa kubahatisha.

*Mama amepewa mofini ya maji. Ina maana anakufa? Na je, tuuze shamba tumpeleke India? – Kasese*

Mofini ni dawa kali ya maumivu. Ina maana anaumwa na kuna mtu amemsikia. Hospisi Afrika, shirika la kuwatuliza wagonjwa maumivu, imekuwa ikiitoa nchini Uganda tangu 1993. Mpeni kila baada ya saa 4, msingoje alie, na ombeni dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo.

Shamba msiuze kwanza. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Mulago ilipokufa, watu walilazimika kuvuka mpaka, na walikuwa na sababu. Leo mionzi ipo Mulago. Muulizeni bingwa wenu aandike lengo la tiba: kuponya, kurefusha maisha, au kupunguza mateso? Kisha aandike ni kitu gani kitafanyika India ambacho hapa hakiwezekani. Mkitaka macho ya pili, maabara huhifadhi kinyama cha mama kwenye kipande cha nta. Hicho kinaweza kutumwa kwa mtaalamu mwingine akakisoma, na mama akabaki kitandani kwake.