Sikio moja halisikii: maswali ya wazazi

Mtoto wangu wa miaka sita kapimwa, sikio la kulia halisikii kabisa. Bibi yake asema moja latosha. (Mama, Wete)

Latosha nyumbani kukiwa kimya, ndiyo maana wengi hugunduliwa wakishaanza skuli. Penye kelele maneno humpotea, na akiitwa hajui sauti yatoka wapi. Barabarani mfunze atazame pande zote. Akifuata sikio atageukia pasipo na gari. Sikio zima lipimwe kila miezi 6 hadi 12.

Akae wapi darasani? Na chuoni je? (Mama huyohuyo)

Mstari wa mbele au wa pili, upande wa kulia akitazama ubao, ili sikio la kushoto limwelekee mwalimu na wenzake. Madirisha ya barabarani yakiwa upande wake wa kulia, heri: kelele itaishia kwenye sikio bovu. Chuoni, watoto wote wakisoma kwa sauti pamoja, kubadili mahali peke yake hakusaidii sana. Mwalimu amsogeze ubavuni mwake, kushoto kwa mtoto, na midomo aione. Na asimchape kwa kutoitika.

Kuna kifaa cha sikio lililokufa? (Baba, Makunduchi)

Kipo kinachonasa sauti upande huo na kuirusha sikio zima. Humsaidia akisemeshwa kutoka upande bovu, ila darasani huweza kumletea kelele aliyokuwa ameepukana nayo, kwa hiyo ajue kukizima. Wapi sauti inatoka, bado hatajua. Skuli, sisi twaona bora maikrofoni ya kuvaa mwalimu.

Kinachoweza kulisikilizisha sikio lenyewe ni kipandikizi cha kokilea, kifaa kinachotiwa sikio la ndani kwa upasuaji. Muhimbili wanapandikiza tangu 2017. Kwanza picha ionyeshe kama mshipa wa usikivu upo, kwani baadhi ya watoto huzaliwa bila huo, na pasipo mshipa kipandikizi ni kazi bure. Sikio likikaa kiziwi miaka mingi, faida hupungua. Baada ya upasuaji, mazoezi ya kila siku ya kulisikilizisha sikio hilo peke yake, la sivyo lile zima hulifanyia kazi yote.

Tundu likiwa limeziba tangu kuzaliwa na sikio la ndani ni zima, hiyo ni habari nyengine: kuna kifaa cha kupitisha sauti mfupani, mtoto mdogo hukivaa kwa mkanda wa kichwa.

Wa kwangu ana kifaa cha kawaida. Chapiga filimbi, na masika hukatika sauti. (Mama, Chake Chake)

Filimbi: moldi (kile kipande cha kuingia sikioni, chenye mrija wa kupitisha sauti) imelegea kwa kuwa mtoto amekua, au nta imejaa sikioni. Kukatika ni matone ya unyevu mrijani. Uchomoe, upulize kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa mdomo, maana pumzi nayo ina maji. Usiku acha kijumba cha betri wazi, kifaa kilale kwenye kopo la kufunga barabara lenye chembe za kukausha. Betri zenye kibandiko, ukikibandua ngoja dakika moja au zaidi ndipo utie, kukirudisha hakuziokoi. Mtoto akimeza betri, hospitali saa hiyohiyo.