Maswali Yenu: Huyu Mundell wa Sarafu Moja ni Nani?

"Habari za kazi mhariri. Mimi nauza vitunguu hapa Namanga, nanunua kwa shilingi ya Tanzania nauza kwa ya Kenya, na kila nikibadilisha hela kuna kidogo kinabaki kwa mbadilishaji. Nimesikia redioni kuna profesa anaitwa Mundell eti ndo baba wa sarafu moja. Ni nani huyo, na hiyo ya kwetu mbona haifiki?" – Mama Vitunguu, Namanga

Salama mama, pole na kazi. Robert Mundell alikuwa Mkanada, kazaliwa 1932 Kingston, Ontario, na waliomwita baba ni watu wa euro, maana hoja zake ziliwapa nguvu sana waliotaka Ulaya iwe na hela moja. Nobel ya uchumi kaipata 1999, mwaka uleule euro ilipoanza kwenye mabenki, noti zenyewe watu wakazishika 2002.

Ila makala iliyomjengea jina aliiandika 1961, ana miaka 28, kurasa tisa tu. Wakati ule wachumi wanabishana kama bei ya sarafu ifungwe au iachwe ipande na kushuka sokoni, yeye akauliza kitu ambacho wenzake walikuwa wanakipita tu: eneo la sarafu liishie wapi? Maana sisi tumezoea kila nchi na hela yake kama bendera. Akasema hebu tazameni Marekani na Kanada, tuseme upande wa mashariki wanatengeneza magari na magharibi wanavuna mbao, na hivyo hivyo kwenye nchi zote mbili. Sasa watu wakiacha kununua magari wakataka mbao, mashariki kazi zinakatika, magharibi bei zinapanda, na hapo dola ya Kanada ipande au ishuke mbele ya ile ya Marekani haitibu kitu, kwa sababu ugonjwa umo ndani ya kila nchi, haufuati mpaka. Kinachosaidia ni yule wa kiwandani kuweza kufunga mizigo akafuata kazi ya mbao.

Hapo ndo penye jibu lako mama, na naomba ulishike. Hela moja sisi tulishakuwa nayo, shilingi ya Afrika Mashariki ya enzi za mkoloni ilianza 1921, na 1966 kila nchi ikaanza kutoa yake. Mkataba wa kuirudisha nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliusaini Novemba 2013 pale Kampala, wakasema 2024 itakuwa tayari, sasa hivi wanataja 2031. Mazungumzo mengi ni ya mfumuko wa bei, madeni ya serikali na taasisi ambazo hazijakamilika, na hayo ni muhimu, lakini swali la Mundell mbona silisikii? Tuseme bei ya chai imeanguka duniani, Kericho watu wanarudishwa nyumbani, huku dhahabu iko juu na Geita wanatafuta vibarua. Leo shilingi ya Kenya inaweza kushuka kidogo, mwenye chai akipata dola moja inampa shilingi nyingi zaidi, anapumua. Kwenye sarafu moja hiyo dawa haipo tena, inabaki mchuma chai wa Kericho aweze kwenda Geita akafanya kazi bila kusumbuliwa. Kwenye karatasi soko la pamoja lilianza 2010, lakini muulize yeyote aliyewahi kuhangaikia kibali cha kazi upande wa pili wa mpaka, utakaa naye mpaka jioni. Mimi hii sarafu naitamani sana, ndo maana nataka hicho kibali kiishe kwanza. Ugiriki waliingia euro 2001, mambo yalipoharibika hawakuwa na sarafu yao ya kushusha, na 2013 waliokosa ajira walifika asilimia 27. Hizo sio namba tu, ni mtu mmoja kati ya kila wanne wanaotaka kazi. Mundell mwenyewe aliendelea kuitetea euro, hapo mimi naona alikuwa mwepesi mno kuliko makala yake mwenyewe.

"Mwalimu wetu chuoni anasema nchi haiwezi kupata vitu vitatu kwa pamoja, na kwamba ni mambo ya Mundell. Vitu gani? Naomba kwa lugha rahisi." – Mwanafunzi, Eldoret

Sawa mdogo wangu. Bei ya sarafu isiyocheza, hela kuingia na kutoka nchini bila kizuizi, na benki kuu kujipangia riba yake. Chagua viwili. Msingi wake ni kazi ya Mundell na Marcus Fleming, miaka ya sitini mwanzoni, Mundell akiwa IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa. Ukifunga bei na mlango ukauacha wazi, halafu ukashusha riba, wenye hela watazihamishia kwenye dola, na wewe umeahidi kuwauzia kwa bei ileile, unauza akiba unauza mpaka inakauka. Thailand waliilinda sarafu yao, baht, hivyohivyo wakiuza dola zao, Julai 2, 1997 wakashindwa, wakaiachia. Kwenye mtihani andika huo mfano.

"Ni kweli alikuwa na kasri?" – Msomaji, Tanga

Kweli kabisa. Alilinunua 1969 karibu na Siena, Italia, akiogopa mfumuko wa bei utamlia akiba, lilikuwa limechakaa kweli, na hela ya Nobel ikaja kusaidia ukarabati. Baadaye akawa anawaita wachumi hapo kujadili sarafu ya dunia nzima, na huko Italia ndiko alikofariki, Aprili 2021.