Mpiga gitaa anapogoma kushusha sauti

Wiki hii msomaji mmoja mwenye bendi ndogo kaniandikia. Hawana mpiga kinanda, wakaanza kutumia traki, yaani muziki uliorekodiwa tayari unaopigwa pamoja na bendi, na tangu hapo kila shoo inaishia kwenye ugomvi. “Dada, mpiga gitaa hataki kushusha, mpiga dramu anasema hasikii kitu, na mimi ninayeimba ndiye ninayelaumiwa. Nifanyeje?”

Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakata. Dada huyu ameandika maisha yangu.

Sisi mpiga kinanda alihama huku shoo zimeshapangwa na malipo ya awali yameshapokelewa. Nikatoa wazo la traki: vinanda, matarumbeta na waitikiaji vitoke kwenye laptopu, sisi wengine tupige laivu. Mpiga solo wetu, mtu niliyeanza naye bendi hatuna hata maiki yetu wenyewe, akaniuliza, “Kwa hiyo sasa tunaipigia laptopu?” Kabla sijajibu akanitupia kundi la Milli Vanilli, wale ambao mwaka 1989 rekodi iliwakwama jukwaani huko Connecticut, na mwaka uliofuata wakanyang'anywa tuzo ya Grammy. Nikamwambia, kaka, wale hawakuwa wakiimba kabisa. Miaka ya 1970 bendi ya Uingereza The Who walipiga juu ya sinthesaiza zilizorekodiwa kwenye tepu, na mpiga dramu wao, Keith Moon, akavaa hedifoni ili tepu isimwache. Nani aliwaita wababaishaji? Hakujibu. Alienda kuongeza sauti ya gitaa.

Kuongeza ndiko kulikuwa jibu lake kwa kila kitu, na wakati ule nilidhani ni kiburi. Bado nadhani kiburi kilikuwemo. Lakini kuna jambo jingine, na ndilo ningependa dada aliyeniandikia alishike. Bendi ya watu watupu hujirekebisha yenyewe: mwimbaji akishuka, wote wanashuka naye. Traki haimsikii mtu. Inakuja na nguvu ileile iliyopikwa nayo studio, ubeti wa taratibu au kiitikio. Mpiga gitaa anaona imemfunika, anapanda. Mpiga dramu hasikii kliki, ule mlio wa kumhesabia mapigo, anapiga kwa nguvu zaidi, na dramu haina kitufe cha kupunguza. Mimi nabaki kupiga kelele. Fundi mitambo ananihurumia, anapandisha maiki mpaka inaanza kulia. Saa moja baadaye kila kitu kiko juu kabisa, hakuna anayejisikia, na kila mtu ana mshitakiwa wake.

Siku iliyotuvunja kabisa haikuhusu hata ukubwa wa sauti. Tulikodi vyombo mahali, kadi ya sauti ikawa imesetiwa kusoma sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti, 48,000 kwa sekunde, na traki zetu zilitengenezwa kwa 44,100. Traki ikatoka mbio kuliko kawaida, tena juu kwa karibu nusutoni moja na nusu. Wanaopiga gitaa wanaelewa ubaya wa hiyo “na nusu”: huwezi kusogea freti moja ukapona, wala mbili. Niliimba hivyohivyo. Mpiga besi alihangaika kuvuta nyuzi. Yule kaka aliweka gitaa chini, akakunja mikono, akatabasamu mbele ya watu wote. Tabasamu lile sijalisahau, nakiri. Wiki hiyo aliondoka, na baadaye nikasikia bendi aliyohamia nayo inatumia traki. Haya.

Basi nikujibu, dada. Anza na kitu ambacho hakiwezi kupanda zaidi, yaani sauti yako. Wakati wa kujaribu mitambo, maiki yako iwekwe kwanza, peke yake, mpaka kabla kidogo ya kulia, kisha irudishwe nyuma kidogo. Hapo ndipo dari ya shoo nzima. Dramu, besi na gitaa viingie chini ya dari hiyo, na traki iwe ya mwisho, ya chini kuliko unavyotamani. Ukumbini traki iwe ya kujazia tu. Masikioni mwa mpiga dramu ndiko iwe kubwa, pamoja na kliki: kliki upande wa kushoto, muziki upande wa kulia, kisha upande wa kulia peke yake ndio uende kwenye miksa. Hapo traki inakuwa mono, yaani sauti yote kwenye njia moja, kwa hiyo isikilize mono ukiwa nyumbani, maana vinanda vilivyotandazwa sana kushoto na kulia vinaweza kunywea vikiunganishwa.

Ukiwa huko nyumbani, usiipike traki kwa sauti ya chini usiku. Watafiti Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi kwa uhafifu. Kwa hiyo unaiongeza, unaiongeza, unalala umeridhika. Ukumbini besi hiyo inafufuka na kummeza mpiga besi wako, naye anapanda, na ugomvi unaanza upya.

Na yule mpiga gitaa? Kabla ya kumwambia ashushe, tazama amplifaya yake iko wapi. Nyingi huwekwa sakafuni nyuma ya miguu yake. Sauti nyembamba za gitaa hutoka kwenye spika zikienda mbele moja kwa moja, kwa hiyo magoti yake yanasikia kila kitu na masikio yake hayasikii. Wanaochomwa ni watu waliokaa mbele. Iinamishe imtazame usoni au ipandishe juu ya kiti. Mara nyingi atashusha mwenyewe bila kuombwa. Akikwambia dawa ni kununua yenye wati nyingi, mweleze kwamba kutoka wati 50 kwenda 100 ni desibeli 3 tu. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, linataka takriban desibeli 10, yaani wati 500. Hela hizo afadhali mnunue hedifoni.

Halafu mchagueni mtu mmoja asimame ukumbini katikati, na neno lake liwe la mwisho. Asiwe mpenzi wa mwanabendi yeyote. Hili nalisema kwa uzoefu na sitaeleza zaidi.

Ndugu zangu wanamuziki, tuambiane ukweli: masikio hayana spea. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwamba kwenye kumbi za burudani wastani wa sauti usizidi desibeli 100 katika dakika 15. Dramu peke yake kwenye chumba kidogo inaweza kufika huko bila msaada wa mtu. Sasa wewe unayepandisha ili uonekane, unamwonyesha nani? Mtu aliyeziba masikio hapigi makofi. Unyenyekevu nao ni sehemu ya muziki, na asiyeutaka apige peke yake chumbani kwake.

Jumamosi iliyopita tulipiga kwenye ukumbi mdogo na mpiga gitaa mpya, kijana mtulivu, amplifaya yake juu ya kiti. Traki ilikuwa chini kiasi kwamba mgeni mmoja aliniuliza waitikiaji wangu wamekaa wapi, awasalimie. Mama mmoja akasema amesikia kila neno. Kila neno! Ningependa mtu fulani angekuwepo asikie, lakini tuyaache.

Umeuliza pia kama simu inatosha badala ya laptopu. Inatosha. Weka faili ndani ya simu, usitegemee intaneti, chaji iwe imejaa, na uiweke kwenye hali ya ndegeni, vinginevyo shemeji yako atapiga katikati ya ubeti wa pili na ukumbi mzima utasikia mlio wa simu yako.