Kiharusi Arua, bingwa Kampala

SWALI: Hospitali yetu hapa Arua ina mashine ya CT, ya kupiga picha za ndani ya ubongo, ila hatuna bingwa wa mishipa ya fahamu. Tunataka wagonjwa wa kiharusi waonwe kwa video na bingwa aliye Kampala. Tununue kamera gani, na mambo huharibika wapi? – Afisa tabibu, Arua

JIBU: Kamera ni jambo dogo. Yoyote ambayo bingwa anaweza kuizungusha na kuvuta karibu mpaka aone mboni za macho inatosha. Ifungeni kwenye stendi ya magurudumu pamoja na spika, maikrofoni na betri ya akiba, maana umeme haubishi hodi ukiondoka. Mgonjwa asiwe na dirisha nyuma yake. Uso utakuwa giza na mdomo uliopinda hautaonekana.

Muda hupotea kabla ya video. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Aliyeamka amepooza huhesabiwa tangu alipolala. Waulizeni ndugu zake hilo pale pale mlangoni. Pimeni sukari, kwa sababu ikishuka huiga kiharusi, kisha presha, na uzito kwa mizani, si kwa macho. Mpigieni bingwa mgonjwa akiwa njiani kwenda CT.

Wengi hukwama kwenye picha: mtu anapiga picha ya kioo cha kompyuta kwa simu na kuituma kwa WhatsApp. Damu nyingi iliyovuja itaonekana, lakini dalili za mapema za ubongo kukosa damu hufifia. Tumeni faili zenyewe za mashine. Vipande vya picha ya ubongo vyenye unene wa milimita 5 huwa kama 30, kila kimoja nusu megabaiti. Megabaiti 15 hupita hata kwa mtandao wa simu. Vile vyembamba vifuate baadaye.

Kitandani, muuguzi ndiye mikono ya bingwa: mkono uinuliwe sekunde 10, mguu sekunde 5, na kamera ione viungo vyote viwili. Hatari kubwa ni tafsiri. Mzee akiropoka maneno yasiyo na maana kwa Kilugbara, muuguzi husema kwa upole, “Anasema hajui,” na bingwa anakosa dalili kubwa kuliko zote. Aseme hivi: “Maneno hayaeleweki.”

Alteplezi, ndiyo dawa ya kuyeyusha damu, ni miligramu 0.9 kwa kilo, isizidi 90. Mtu wa kilo 60 hupata 54: 5.4 kwa dakika moja, 48.6 kwa dakika 60. Chupa ikiisha, dawa nyingine bado imo ndani ya mrija; isukumeni kwa maji ya chumvi kwa kasi ile ile. Presha iwe chini ya 185/110 kabla ya kuanza, na isizidi 180/105 kwa saa 24 zinazofuata. Aspirini isubiri saa hizo 24 na CT ya pili.

SWALI: Sisi dawa hiyo hatuna. Video itatusaidia nini? – Muuguzi, Gulu

JIBU: Mengi. Akiona picha za CT, bingwa atawaambia kama ni damu iliyovuja au iliyoganda, na kama safari ya Kampala ina maana. Atawazuia pia kuishusha presha kwa pupa: kama damu imeganda na hakuna dawa ya kuyeyusha, presha kwa kawaida huachwa mpaka ipite 220/120, na nifedipini, dawa ya kushusha presha, chini ya ulimi msiiguse. Chai ya ndugu nayo isubiri. Kwanza mkalisheni mgonjwa wima, mpeni kijiko cha maji. Akikohoa au sauti ikawa na majimaji, asipewe chochote mdomoni.